Mabati Arobaini na Kompyuta Moja

Kwa muda wa miezi saba, kuanzia Juni 2024 hadi Januari 2025, kilikaa chini ya kitanda chetu hapa kambini kitu chenye thamani ya mabati 40. Kilikuwa kimefungwa kwa leso ya zamani na kutiwa ndani ya sanduku la bati la mume wangu. Wageni walioingia nyumbani hawakujua habari zake. Na mume wangu mwenyewe, aliyekuwa Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, hakujua pia. Kila Jumapili alipopiga simu aliniuliza, "Mama Watoto, mabati yamefika kijijini?" Nami nikamjibu kwamba bei imepanda, na kwamba ningali nikitafuta duka lenye nafuu.

Naandika habari hii kwa sababu najua kwamba siku hizi nyumba nyingi za askari zina kijana aliyesomea mambo ya kompyuta, anayengoja kazi, na ambaye kila siku huwaambia wazazi wake kwamba angeweza kujitegemea endapo angepata mashine. Ni mashine gani, hapo ndipo wazazi tunapokwama. Maana kijana anajua mambo tusiyoyajua, na sisi tunajua bei ya vitu ambavyo yeye hajawahi kuvinunua.

Mambo yalianza hivi. Sisi wanawake 31 wa safu tatu za nyumba tuna chama cha kuweka na kukopeshana. Tuna kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa watu watatu mbalimbali. Tunakutana kila Jumamosi alasiri, na mwisho wa mwaka tunagawana. Mimi ndiye mweka hazina. Mwezi wa Desemba 2023, zikiwa zimebaki wiki mbili tu kabla ya mgao, mvua ya usiku ilipenya paa la chumba changu ikakilowesha kitabu cha hesabu. Wino ulichuruzika katika kurasa 11. Tulijaribu kuzirudisha hesabu kwa kutumia vile vitabu vidogo vya wanachama, lakini wanne walikuwa wamevipoteza vya kwao, na kwa hao wanne ikawa ni neno langu juu ya neno lao. Tuligawana hivyo hivyo. Mmoja wao, hadi leo, hunisalimu kwa kutazama pembeni.

Binti yangu, aliyekuwa amemaliza stashahada yake mwaka ule ule, aliniona nikilia juu ya kitabu kile. Akasema, "Mama, mimi naweza kukutengenezea programu ya simu itakayoshika hesabu hizi zote, na nakala yake ikakaa mahali ambapo mvua haifiki." Nilimwamini. Niseme kweli, nilitaka sana kumwamini.

Kisha likaja suala la chombo cha kufanyia kazi. Yeye alitaka kompyuta ya Apple, wala hoja yake haikuwa ya kitoto. Simu za mguso, alinieleza, ni za koo mbili: Android, ambayo hutumiwa na makampuni mengi, na iPhone, ambayo ni ya Apple peke yake. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya ukoo mmoja haifunguki katika simu ya ukoo wa pili. Hapo zamani mtengenezaji alilazimika kuiandika kazi yake mara mbili, kwa lugha mbili: Java au Kotlin kwa Android, Objective-C au Swift kwa iPhone. Siku hizi zipo zana zinazomwezesha kuandika mara moja na kutoa programu mbili. Lakini hata kwa zana hizo, kazi ya mwisho, yaani kuyapika maandishi yake mpaka yawe programu kamili ya iPhone na kuitia sahihi, hufanywa na programu moja iitwayo Xcode. Na Xcode hukaa katika kompyuta za Apple tu. Programu ya Android, kwa upande wake, hupikwa kwenye kompyuta yoyote: yenye Windows, yenye Linux au ya Apple. Kwa hiyo kompyuta ya Apple yaweza kutoa zote mbili, na nyingine zote zaweza kutoa moja tu. Hesabu hiyo ilinishinda kuipinga.

Fedha zilizokuwapo zilikuwa posho ya mume wangu, shilingi 1,600,000, za kuezekea nyumba yetu ya kijijini. Askari msomaji wa ukurasa huu hahitaji kuelezwa maana ya nyumba hiyo. Siku mume wangu atakapostaafu tutapaswa kukabidhi ufunguo wa nyumba ya serikali na kuondoka, na wakati ule kuta za nyumba yetu zilikuwa zimesimama mwaka mzima bila paa, zinanyeshewa. Nikajidanganya kwamba binti angepata kazi za kulipwa ndani ya miezi mitatu na kuzirudisha fedha kabla baba yake hajarudi.

Tarehe 15 Juni 2024 tulikwenda Kampala, katika duka moja la vyombo vilivyokwisha tumika, tukanunua MacBook Air ya mwaka 2017. Ilikuwa safi kama sahani. Tuliuliza habari za betri, tukauliza kama kioo kimewahi kubadilishwa, tukaiona ikiwaka na kuzimika. Mwaka wake tuliuona umeandikwa, ila hatukujua kwamba mwaka ndio jambo la kwanza la kuulizwa.

Mwezi wa Septemba programu ya binti ilikuwa imeanza kupata umbo. Mwenyekiti wetu, ambaye sote humwita Madamu kwa kuwa mumewe ni ofisa, ana iPhone. Binti akaiazima ili aifanyie majaribio. Akaiunganisha kwa waya, kompyuta ikakataa kuifanyia kazi kwa kuwa mfumo wa simu ulikuwa mpya kuliko Xcode iliyokuwamo. Akajaribu kupakua Xcode mpya. Ikakataa kuingia kwa kuwa mfumo wa kompyuta ulikuwa wa zamani. Akajaribu kupandisha mfumo wa kompyuta. Hapo akaambiwa kwamba mashine ile imefika mwisho wake.

Alikaa kitandani akanieleza polepole, kama daktari anavyoeleza. Apple hutoa mfumo mpya kila mwaka, na kila mara baadhi ya mashine za zamani huachwa nyuma. MacBook Air ya 2017 iliishia kwenye mfumo uitwao Monterey, uliotoka mwaka 2021. Monterey haipokei Xcode iliyo juu ya 14.2. Na tangu tarehe 29 Aprili 2024, duka la programu la Apple halikupokea tena kazi mpya isipokuwa iliyopikwa kwa Xcode 15 au inayofuata. Tulinunua siku 47 baada ya mlango huo kufungwa. Tangazo lilikuwapo wazi kwa yeyote aliyelitafuta, na sisi hatukulitafuta.

Mashine yenyewe haikufa. Iliandika barua, ilifungua picha, hata programu za Android iliweza kuzipika, ingawa kwa kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya gigabaiti 128 ilihema kama mzee anayepanda mlima. Lakini ile sababu pekee iliyotufanya tuinunue haikuwamo tena ndani yake. Fundi mmoja wa mjini alijitolea, kwa malipo, kuitia mfumo mpya kwa njia ya kulazimisha ambayo Apple haiikubali. Jambo hilo huwezekana, na wako wanaolifanya. Nilikataa. Xcode na vifaa vyake hula makumi ya gigabaiti, na diski yetu ilikuwa karibu kujaa. Tena sikutaka hesabu za wanawake 31 zitegemee kitu kilichofungwa kwa kamba.

Jumamosi iliyofuata nilifanya jambo ambalo laiti ningelifanya kabla ya Juni. Mkutano ulipokwisha niliwaomba wanachama wote waziinue simu zao juu. Nikahesabu. Zilikuwa Android 20, nyingi zikiwa Tecno na Itel za bei ya chini. Simu za vitufe, zisizopokea programu yoyote ya aina hii, zilikuwa 9. iPhone zilikuwa 2: ya Madamu, na nyingine yenye kioo kilichopasuka, iPhone 6 ya mwaka 2014, ambayo mwenzetu mmoja aliletewa na dada yake kutoka Dubai. Nilisimama pale na karatasi yangu mkononi. Kwa ajili ya simu 2 nilikuwa nimeiacha nyumba bila paa, na wale 9 hatukuwa tumewafikiria hata kidogo.

Mume wangu alirudi likizo mwezi wa Desemba. Nilimweleza usiku wa kwanza, watoto walipolala, kwa kuwa niliona afadhali asikie kwangu kuliko kijijini. Hakupiga kelele. Alinyamaza muda mrefu, na ukimya wake ulinichoma kuliko kelele. Asubuhi alikwenda kijijini peke yake kutazama kuta. Aliporudi aliomba aonyeshwe mashine. Yeye ni fundi wa magari ya jeshi, na swali alilomuuliza binti lilikuwa swali la fundi: "Hii, kikiharibika kitu ndani, spea yake naweza kuibadilisha mimi?" Binti akamwambia kwamba kumbukumbu ya mashine hii imeunganishwa na ubao wake tangu kiwandani; ukinunua 8 utakufa na 8. "Basi," akasema, "tuiuze ingali ikipendeza."

Iliuzwa Januari 2025 kwa shilingi 1,050,000, kwa mwanafunzi wa chuo aliyetaka kuandikia kazi zake tu, na tulimwambia wazi isichoweza kufanya. Tulipoteza shilingi 550,000. Kwa bei ya wakati ule hizo ni mabati 13 na kipande.

Safari hii tulianza upande wa pili wa kamba. Swali la kwanza likawa: simu za nani? Jibu tulikuwa nalo kwenye karatasi. La pili: zana gani? Kompyuta ikawa ya mwisho.

Kuhusu zana, nilimtaka binti aninenee kama anenavyo na mtu asiyesoma, nami nitawapa wasomaji kama nilivyofahamu. Chuoni alifundishwa Xamarin, ya Microsoft. Lakini Microsoft ilikuwa imekwisha kutangaza mwisho wake, na tarehe 1 Mei 2024 ikaacha kuihudumia, na mrithi wake, MAUI, ni kitu ambacho yeye angelazimika kujifunza karibu upya. Ilikuwapo nyingine, PhoneGap, iliyopendwa sana siku zake. Wenyewe Adobe waliifunga mwaka 2020. Nilishangaa kusikia kwamba zana nazo hufa. Jembe la mama yangu lingali likilima.

Zilizobaki mezani zilikuwa tatu. React Native ilitolewa na Facebook mwaka 2015. Hutumia JavaScript, lugha ileile ya kurasa za intaneti, na huvitumia vitufe na visanduku vya simu yenyewe. Ubora wake ni kwamba anayeijua JavaScript hupata kazi hata nje ya simu. Flutter ni ya Google. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2018. Hutumia lugha iitwayo Dart, ambayo si wengi wanaoijua, na huichora kila kitu yenyewe, kwa hiyo sura ya programu huwa moja katika simu zote, ya bei kubwa na ya bei ndogo. Ya tatu, Kotlin Multiplatform, ya kampuni ya JetBrains, ilitangazwa kukomaa Novemba 2023. Hiyo hukuwezesha kuandika hesabu mara moja na, ukipenda, kuichora sura ya kila ukoo kwa lugha yake.

Binti aliichagua Flutter, na sababu zake zilikuwa za hapa kwetu. Kwanza, alikuwa amekwisha kujifunza Dart kwa miezi mitano. Pili, ukibadilisha neno au rangi, badiliko huonekana katika simu iliyounganishwa kwa waya mara moja, bila kupika yote upya. Jambo hilo huokoa umeme na subira. Tatu, Kiswahili kimo ndani yake tayari: kalenda hutaja miezi kwa Kiswahili bila mtu kuitafsiri. Katika chama chetu wamo Waacholi, Walugbara, Wanyankole, Wasoga na Waganda. Kinachotuunganisha ni Kiswahili cha kambini, na programu yenye maneno ya lugha nyingine ingewapa wachache ukubwa juu ya wengine. Mwingine angechagua React Native akawa sawasawa. Ninalolishikilia mimi ni kwamba zana unayoijua nusu ni bora kuliko iliyo bora usiyoijua kabisa, maadamu wenyewe hawajatangaza mazishi yake.

Sasa kompyuta. Tulinunua Lenovo ThinkPad T480, iliyotoka kiwandani mwaka 2018 na kutumika ofisini huko nje, kwa shilingi 1,150,000. Ina sura ya tofali jeusi. Lakini mume wangu aliifungua kwa bisibisi mle mle dukani, muuzaji akitazama kwa wasiwasi, akaona nafasi mbili za kumbukumbu, moja ikiwa tupu. Tukaongeza gigabaiti 8 kwa shilingi 120,000, zikawa 16. Hicho ndicho kitu ambacho kazi hii huhitaji kuliko vyote. Android Studio ikifunguliwa pamoja na kurasa chache za intaneti huzimeza gigabaiti 8 zote na kutaka nyingine. Diski yake ni ile isiyozunguka, ya gigabaiti 256, nayo pia hubadilishwa. Tena ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomolewa nje, na umeme ukikatika binti huendelea na kazi yake mpaka jioni. Kabla ya kulipa tulihakikisha kwamba haina neno la siri la mwenye zamani katika ule mlango wa kwanza unaotokea kabla ya Windows. Mashine za namna hii zikifungwa hapo huwa mzigo. Tukadai risiti yenye namba ya mashine. Mke wa polisi jirani yangu alinisisitizia hilo, na wasomaji wetu wa idara hiyo wanajua sababu.

Baadhi ya vijana hudhani lazima kompyuta iweze kuigiza simu ndani yake, simu ya uongo inayotokea juu ya kioo. Simu hiyo ya uongo ndiyo inayoila kumbukumbu na kuifanya mashine ilie kama jiko la mafuta. Binti aliiacha kabisa. Badala yake tulinunua Itel iliyotumika, ya aina ileile waliyo nayo wanachama wengi, ikawa ndiyo uwanja wake wa majaribio. Shilingi zile ndizo zilizotumika vema kuliko zote.

Nasema hivyo kwa sababu mapema mwaka ule programu ilipoonekana tayari, binti aliituma kwa wanawake watano, na kwa watatu ikakataa kuingia kabisa. Ilionekana kwamba alikuwa ameipika kwa simu zenye mfumo wa biti 64 tu, ilhali simu nyingi za bei ndogo zingali na mfumo wa biti 32. Akaipika upya kwa zote mbili. Ikaingia, lakini kwa Nalongo, kama waitwavyo hapa akina mama waliozaa mapacha, ilichukua muda wa kuchemsha chai kabla orodha ya wanachama haijatokea. Katika simu ya binti mwenyewe ilikuwa ikiruka kama panzi. Alitafuta siku mbili. Kosa lilikuwa picha zetu: kila mwanachama alikuwa na picha yake pembeni mwa jina, ndogo kama ukucha, lakini simu ilikuwa ikiifungua kila moja kwa ukubwa wake kamili kabla ya kuipunguza. Alipozipunguza picha tangu mwanzo, simu ya Nalongo ikapona.

Wale 9 wenye simu za vitufe walitushughulisha zaidi. Binti alitaka programu iwatumie ujumbe mfupi yenyewe kila Jumamosi, lakini Google huzibana sana programu za dukani mwake zinazotuma ujumbe kwa siri ya mwenye simu, na ni haki kuzibana. Basi programu hunifungulia ujumbe uliokwisha kuandikwa, wenye jina na kiasi, nami hubonyeza kutuma. Mara tisa kila wiki. Kidole hakijachoka.

Kisha duka la Google. Ada yake ni dola 25, mara moja tu; kwetu zilifika karibu shilingi 92,000. Lakini tangu Novemba 2023 mtu binafsi anayefungua akaunti mpya hutakiwa kwanza ajaribiwe kazi yake na watu kadhaa kwa siku 14 mfululizo kabla hajaomba kuifungua kwa umma. Mwanzoni walihitajika watu 20. Desemba 2024 wakapunguzwa kuwa 12. Vijana wengi wa mjini hulia juu ya sharti hili kwa kuwa hawana watu 12. Sisi tulikuwa nao mlango kwa mlango. Taabu ilikuwa nyingine: sita kati yao hawakulijua neno la siri la akaunti zilizomo katika simu zao wenyewe, kwa kuwa zilifunguliwa na kijana aliyewauzia simu. Kazi ya kulirudisha neno la siri kwa kila mmoja ilichukua juma zima, huku watoto wakining'inia mgongoni na sufuria zikiungua.

Katika siku hizo 14 nilijifunza kwamba akina mama hawasemi "programu ina kasoro". Husema, "Hii kitu imenitukana." Aliyesema hivyo alikuwa ameona mbele ya jina lake neno DENI, kwa rangi nyekundu. Alikuwa amekopa shilingi 100,000 za karo, na muda wa kulipa ulikuwa haujafika. Tulijadiliana Jumamosi moja nzima, kwa ukali kuliko tunavyojadili riba. Likakubaliwa neno "mkopo", kwa rangi nyeusi. Na "deni" likaachiwa waliopitisha tarehe. Binti alibadilisha pale pale, simu ikiwa imeunganishwa kwa waya, na yule mama akaliona neno likigeuka mbele ya macho yake.

Na Madamu je, na iPhone yake? Kuingia katika duka la Apple ni dola 99 kila mwaka, yaani mabati 9 kila mwaka kwa simu mbili. Flutter, hata hivyo, huweza kuyageuza maandishi yaleyale yakawa ukurasa wa kufunguliwa kwa intaneti. Madamu huufungua huko, huona hesabu zote. Mara ya kwanza ulichelewa kufunguka, naye akaniambia kwamba anadhani simu yake ya bei kubwa imedharauliwa, lakini alicheka. Siku tukipata mteja anayetaka iPhone kwa dhati na kulipia, binti atakodi kwa dakika kompyuta ya Apple iliyoko mbali, kwa njia ya intaneti. Ziko huduma za namna hiyo, na maandishi ya programu hayatabadilika isipokuwa kidogo.

Ikimlazimu mtu kununua ya kwake, nitamwambia nilichokilipia shilingi 550,000 kukijua. Asinunue tena Mac yenye kichwa cha Intel kwa kazi hii, hata ikiwa ya bei ya kutupa: mfumo uliotoka Septemba 2025, uitwao Tahoe, ndio wa mwisho kuzipokea, na ni chache tu zinazoupokea. Atafute zenye vichwa vya Apple yenyewe, zilizoanza na M1 mwishoni mwa 2020, na kumbukumbu achukue 16 tangu siku ya kwanza, kwa kuwa hakuna kuongeza. Mac mini ya M4, iliyotoka mwishoni mwa 2024, ina 16 hata katika ile ya bei ya chini, ambayo ilitangazwa Marekani kwa dola 599. Ila haina kioo, haina kibodi na haina betri, na umeme ukikatika huzimika nawe ukitazama. Na iliyotumika isilipiwe kabla akaunti ya mwenye zamani haijaondolewa mbele ya macho ya mnunuzi. Nyingine ni mali ya makampuni, hufungwa kutoka mbali baada ya muuzaji kutoweka.

Mabati yaliwekwa Agosti 2025. Tulianza na 27, chumba cha kulala na sebule. Jikoni kungali wazi, na mume wangu hulitaja jambo hilo mara kwa mara, kwa sauti ya upole ambayo mimi naifahamu. Binti amepata kazi mbili za kulipwa, moja ya kanisa na moja ya mfanyabiashara wa maziwa. Wote wawili aliwauliza kwanza wateja wao wana simu gani, na wote wawili hawakujua, ikabidi waende kuhesabu.

Kitabu cha hesabu hatukukitupa. Chama kiliamua kiendelee kuandikwa sambamba na programu kwa mwaka mmoja, na mimi ndiye niliyependekeza. Siku ya mgao wa Desemba 2025 vilipolinganishwa vilihitilafiana shilingi 2,000. Wanawake wote walinyamaza. Yule asiyenisalimu vizuri alisogeza kiti chake mbele. Tukarudi nyuma Jumamosi moja baada ya nyingine, mpaka tukaifikia moja ya mwezi wa Julai, ambapo nilikuwa nimebonyeza mara mbili akiba ya mtu mmoja. Kitabu kilikuwa sahihi; aliyekosa ni mimi, katika simu. Nikasimama nikasema hivyo. Yule mama akaniangalia usoni, akasema, "Basi mwambie mtoto airekebishe." Sasa ukiingiza kiasi kilekile mara mbili kwa jina moja siku moja, programu husimama na kuuliza kwanza.